Siki Kila Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana. Nimetafuta karatasi ya kuandikia nikakosa, nikachukua daftari hili la mke wangu. Nusu ya mbele ni yake: tarehe, tarakimu, tarehe, tarakimu, hakuna neno lisilo la lazima. Alikuwa akifanya kazi maabara ya maji, na jioni akifika nyumbani alipima maji ya tangi lake la samaki wa baharini, kana kwamba hakushiba kupima maji ya watu wengine. Mstari wake wa mwisho ni wa tarehe kumi na nane Novemba. Nitrati 4. Siku iliyofuata aliamka kichwa kinamuuma, na jioni hatukuwa naye.

Leo nimepima mimi, kwa mara ya kwanza. Nitrati 80. Nimerudia. 80.

Nimemwita mwenye duka la samaki. Watu humwita Mapezi, na mke wangu alikuwa mteja wake miaka yote. Alichuchumaa mbele ya kioo, akasema, "Fundi, haya si maji, hii ni supu."

Nikamwambia ukweli. Tangu msiba sikubadilisha maji hata mara moja. Nilikuwa nawalisha asubuhi kijiko kimoja kama nilivyoona mwenzangu akifanya, basi. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Nitrati ni kile kinachobaki samaki wakishakula na kuchafua. Ikiwa kidogo ni mbolea. Ikizidi, tumbawe linakufa. Na tumbawe lenyewe ni lile la matawi saba ya zambarau, ambalo mke wangu alililea miaka tisa na kulipenda kuliko samaki. Kubadilisha maji peke yake hakutoshi, amesema, kwa sababu ukibadilisha leo, mchanga na mawe yanautema uchafu tena kesho.

Dawa ni siki. Siki nyeupe ya dukani, isiyo na rangi wala viungo. Ndani ya maji mna bakteria wazuri. Wakipata siki wanaongezeka, na wakiongezeka wanahitaji kula na ile nitrati. Kisha mashine ya povu inawakamata, na mimi namwaga lile povu jalalani. Nianze na mililita tano kila asubuhi, niongeze tano kila wiki, nisiwe na pupa. Nitrati ikifika kumi nipunguze siki nusu.

"Na mvua ikikatika kabla nitrati haijashuka chini ya kumi," akasema, "nitakuja na ndoo nilichukue tumbawe. Si kwa kukunyang'anya, fundi. Ni kwamba kwangu litaishi."

Nimekubali. Sina nguvu za kubishana na mtu anayesema kweli.

Jumanne, 4 Machi

Siki 5. Nimeivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikaidondosha karibu na mashine.

Mama amenikuta. Huyu ni mama mkwe wangu. Alikuja kwenye msiba na hajaondoka, na mimi sijauliza. Alikuwa amebeba beseni. Akaitazama chupa, akalitazama tangi, akanitazama mimi.

"Mkwe wangu, hiyo si siki?"

"Ndiyo, Mama."

"Ya humo?"

"Ndiyo, Mama. Ni dawa."

"Haya."

Akaenda zake. Ningepaswa kumweleza zaidi. Lakini kwa miaka kumi na mmoja maneno yetu yalipitia kwa mke wangu. Mama akitaka kujua kama nimekula, alimwuliza yeye. Mimi nikitaka kujua kama Mama amelala vizuri, nilimwuliza yeye. Sasa tumebaki na shikamoo, marahaba, na haya.

Jumatano, 5 Machi

Siki 5. Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Siki 5. Mvua. Nitrati 80.

Jumapili, 9 Machi

Siki 5. Leo hakuna kazi. Mimi ni fundi wa makochi, na tunapopigilia kitambaa tunashika misumari midogo mdomoni ili mikono iwe huru. Mke wangu alikuwa na tabia ya kuja karakana saa ya chakula na kuniuliza maswali wakati huohuo nina misumari ishirini mdomoni. "Tununue samaki mwingine? Ukikubali, nyamaza." Hivyo ndivyo tulivyopata samaki wanne kati ya sita.

Jumatatu, 10 Machi

Siki 10. Chupa haikuwa kwenye rafu. Nimeitafuta mpaka nikachelewa kazini, kumbe ipo chini ya sinki, nyuma ya ndoo. Mama amepanga jiko.

Jumanne, 11 Machi

Siki 10. Sponji, anayekata magodoro karakana kwetu, amenusa mkono wangu akasema, "Fundi, siku hizi unanuka kama saladi. Kuna mtu unataka akule?" Wote wamecheka. Nimecheka pia, kidogo.

Jumatatu, 17 Machi

Siki 15. Nitrati 70! Nimeandika alama ya mshangao. Mke wangu asingeiandika.

Alhamisi, 20 Machi

Siki 15. Nitrati 80. Nimefuta uso kwa kitambaa, nikapima tena. 80. Mvua haijapumzika tangu Jumatatu. Nguo hazikauki, na mbao za karakana zimevimba hata droo hazifunguki.

Jumatatu, 24 Machi

Siki 20. Chupa ilikuwa chini ya sinki tena. Nimeirudisha kwenye rafu.

Kioo cha tangi kina alama za vidole, upande wa kulia, kwenye kimo cha mtu aliyeketi. Mama anavuta kiti pale mchana, naona miguu ya kiti imeacha alama kwenye zulia. Nazifuta alama hizo za vidole kila jioni. Nakiri kwamba leo nimezifuta kwa hasira.

Jumatatu, 31 Machi

Siki 25. Nitrati 70.

Jioni tukiwa mezani, Mama ameniuliza, "Unaendelea na ile dawa?"

"Ndiyo, Mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mvua ikatike."

Ameweka kijiko chini. Hakula tena. Nadhani harufu ya siki inamsumbua, na ana haki, nyumba nzima inanuka. Lakini kuna kitu kingine, najua. Ananitazama kama mtu anayejizuia. Siku ile kichwa kilipomuuma mwanawe, mimi ndiye niliyempa vidonge nikamwambia alale kidogo, halafu nikaenda kazini. Nilikuwa na kochi la mteja la kumalizia. Mama hajalitaja hilo hata mara moja, na kadiri anavyokaa bila kulitaja ndivyo ninavyolisikia.

Ijumaa, 4 Aprili

Siki 25. Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Siki 30. Nitrati 60. Chupa: chini ya sinki.

Jumatano, 9 Aprili

Siki 30. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, amepiga simu. Anataka Mama ahamie kwake. "Watu wananiuliza, shemeji. Mama yangu anakaa kwa mkwewe, mtoto wake hayupo, hakuna mjukuu. Anakaa hapo kama nani?" Nikamwambia Mama ni mtu mzima, ataamua mwenyewe. Akasema, "Wewe huoni kama ni mzigo?" Nilikuwa nimechoka, na jibu la mtu aliyechoka linaweza kueleweka vibaya, kwa hiyo nilinyamaza. Sasa naona hata kunyamaza kunaeleweka vibaya.

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama alikuwa jikoni.

Jumatatu, 14 Aprili

Siki 35. Nitrati 60.

Wiki sita. Kila asubuhi naamka, navuta siki, nadondosha, nalisha kijiko kimoja, namwaga povu, naosha kikombe cha mashine. Povu ni jingi, jeusi, linanuka vibaya, na Mapezi anasema hiyo ni ishara nzuri, bakteria wanafanya kazi. Kama wanafanya kazi, mbona haishuki? Nimemwuliza hivyo kwa simu. Akasema, "Ongeza tano, fundi. Kuna matangi mengine ni mabishi tu."

Nimezoea kazi ngumu, lakini kochi ukilipigilia msumari, unabaki ulipoupigilia. Hii ni kama kupigilia kwenye uji.

Jana nimemkuta Mama ameketi pale pale, uso karibu na kioo, midomo inacheza. Samaki wa njano alikuwa mbele yake, amesimama kabisa, kama anayesikiliza. Akiniona mimi yule samaki hugeuka. Mama alinyanyuka haraka akaenda jikoni. Nimejisikia mgeni kwenye sebule yangu.

Jumapili, 20 Aprili

Siki 35. Shemeji atakuja kesho kutwa. Mama atakwenda kwake wiki mbili, "halafu tutaona". Mama mwenyewe amesema, "Haya."

Jumanne, 22 Aprili

Siki 40. Nitrati 60.

Wameondoka saa nne, mvua ikinyesha. Shemeji amebeba mfuko mmoja na sanduku. Mama alisimama mbele ya tangi na kanga yake imeshaloa mabegani, kwa sababu alikuwa ametoka nje akarudi.

"Uwahurumie, mkwe wangu," akasema.

"Nani, Mama?"

"Hawa."

Nikasema sawa. Nilidhani ni maneno tu ya mtu anayeaga.

Jumatano, 23 Aprili

Siki 40. Chupa ilikuwa kwenye rafu.

Alhamisi, 24 Aprili

Siki 40. Tumepata kazi ya viti mia na ishirini vya ukumbi. Sponji anasema tutakufa tukiwa tumekaa vizuri.

Ijumaa, 25 Aprili

Siki 40. Sikupima.

Jumatatu, 28 Aprili

Siki 45. Sikupima. Kwa nini nipime? Najua itakuwa sitini.

Jumatano, 30 Aprili

Siki 45. Viti themanini na viwili. Mgongo.

Alhamisi, 1 Mei

Siki 45. Nyumba kimya sana. Nimeweka sahani mbili mezani, nikarudisha moja.

Jumamosi, 3 Mei

Naandika Jumapili asubuhi, lakini haya ni ya jana.

Niliamka saa kumi na mbili nikawasha taa ya tangi. Tumbawe lilikuwa limepauka. Kwenye kazi yangu nimeona vitambaa vilivyokaa dirishani miaka, rangi imeondoka bila kuaga. Lilikuwa hivyo, zambarau imekuwa kama majivu, na ncha za matawi zimekuwa nyeupe kabisa. Nilikuwa nimepita mbele yake kila siku wiki ile, mkononi bomba la siki, na sikulitazama. Nilitazama bomba.

Nikapima. Maji kwenye kichupa yanatakiwa kugeuka ya pinki. Hayakugeuka. Nikatikisa tena, nikangoja. Meupe. Nilidhani dawa ya kupimia imeharibika, na nikiwa na wazo hilo, Mungu anisamehe, nikadondosha siki ya asubuhi, mililita arobaini na tano, nikaenda dukani kwa Mapezi kununua dawa nyingine.

Tulikuta dawa yake inasema vilevile. Nilikuwa nimebeba maji kwenye chupa. Sifuri. Mapezi aliweka kichupa chini polepole.

"Fundi, nani ameacha kuwalisha?"

"Ni mimi ninayewalisha. Kila asubuhi, kijiko kimoja. Sijaacha."

"Na mchana?"

"Mchana hawali."

"Sikiliza," akasema. "Hili tangi wiki saba unalimwagia siki na nitrati haitaki kushuka. Halafu ndani ya siku kumi inaporomoka yote. Siki haikubadilika sana. Basi ni chakula. Kulikuwa na mtu analeta, na huyo mtu hayupo."

Nilikuwa nimeshajua. Tulifunga duka lake tukaja wote kwangu, tukikimbia kwenye mvua, na tulipoingia maji ya tangi yalikuwa meupe kama maji yaliyooshea mchele. Bakteria wamezidi, Mapezi akasema, siki imekosa kazi na wao wanakunywa hewa yote iliyo ndani ya maji. Samaki wote sita walikuwa juu, midomo nje. Na kama vile hiyo haitoshi, mashine ya povu ilikuwa imenyamaza. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.

"Jagi!" akasema. "Chota, mimina kutoka juu. Juu zaidi! Acha yaanguke, yabebe hewa."

Tulichota na kumimina, yeye upande mmoja, mimi mwingine, kuanzia saa nne mpaka saa kumi. Mabega yangu hayakuwa yangu tena. Hatukuzungumza ila yeye kusema "juu", mimi kusema "ndiyo". Zulia lilijaa maji. Saa nane hivi yule wa njano aliacha kupumua juu akazama kidogo kidogo, kwa ubavu, hadi kwenye mchanga. Nilinyoosha mkono kumshika, na Mapezi akasema, "Mwache, fundi. Mimina." Nikamimina.

Umeme ulirudi saa kumi na dakika kidogo. Tulibadilisha robo ya maji, tukatia chumvi aliyokuja nayo. Samaki watano walianza kushuka. Mapezi alikaa sakafuni akavua viatu, akakamua soksi. Hakusema lolote kuhusu ndoo. Alisema tu, "Siki usiguse mpaka nikwambie."

Alipoondoka nilikwenda chini ya sinki, nyuma ya ndoo, pale pale nilipokuwa nikiikuta siki. Kulikuwa na kopo la chakula cha samaki ambalo sikulinunua mimi. Ndani yake kijiko cha chai. Kopo lilikuwa karibu tupu.

Jumapili, 4 Mei

Nimempigia saa tatu asubuhi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Wamekufa?"

Hata hatukuulizana hali. Nikamwambia, "Mmoja, Mama. Yule wa njano."

Kwao pia mvua ilikuwa inanyesha, niliisikia juu ya bati.

"Mama, ulikuwa unawalisha?"

"Adhuhuri na alasiri," akasema. "Kijiko kimoja kimoja. Nilitaka wapate nguvu."

"Nguvu za nini, Mama?"

"Za kuvumilia ile siki."

Nilikaa kwenye mkono wa kochi. Yeye akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekiri kwa polisi, neno moja, kisha lingine. "Nilidhani umechoka nao. Mtu aliyefiwa anachoka na vitu vya marehemu, hata mimi nilichoka na viatu vya baba yake. Nikasema, huyu hawezi kuwatupa, anaona haya, anawamaliza polepole. Kila wiki unaongeza. Nilikuuliza mpaka lini, ukasema mpaka mvua ikatike. Nikasema basi, amewapangia na siku."

"Na chupa ulikuwa unaificha."

"Nilikuwa naificha. Unaitafuta, unaipata. Ningefanya nini, nikupokonye? Wewe ni mwenye nyumba."

Basi nikamweleza. Nimemweleza yote, nitrati na bakteria na povu na Mapezi na tumbawe, na naamini nimesema maneno mengi leo kuliko miaka yote kumi na mmoja. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nachafua?"

"Na mimi nilikuwa naongeza siki kwa sababu yako, bila kujua. Ulipoondoka, siki ikabaki nyingi."

"Tumemuua wa njano sisi wawili."

"Ndiyo, Mama."

Akatoa sauti. Sikujua kama ni kicheko. "Mbona hukuniuliza?" akasema. "Si unaniona nimekaa hapo kila mchana kama mlinzi?"

"Wewe ni mama mkwe wangu."

"Haya," akasema. Lakini haya hii ilikuwa ndefu kuliko zile nyingine.

Jumanne, 6 Mei

Hakuna siki. Nitrati 0. Tumbawe: matawi manne yamekufa, matatu yana rangi kidogo chini. Nawalisha mara mbili, kwa amri ya Mapezi. Mvua imepungua.

Jumamosi, 10 Mei

Mama amerudi. Amekuja na mfuko mmoja tu, sanduku amelazimika kuliacha kwa sababu shemeji amekataa kulibeba. Shemeji alinipigia akiwa na hasira, akarudia lile swali lake, anakaa kwako kama nani. Mama akaichukua simu mkononi mwangu.

"Kama mtu mwenye kazi," akamwambia. "Kuna wagonjwa hapa." Akakata.

Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Alilitazama tumbawe muda mrefu na hakulia. Kisha akasema, bila kugeuka, "Ile siku ya kichwa. Alinipigia wewe ukiwa umeshaenda kazini. Aliniambia umempa vidonge ukamwambia alale. Nikamwambia msikilize mumeo, lala." Akafuta kioo kwa ncha ya kanga. "Hivyo ndivyo nilivyomwambia."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha povu mkononi. Nikaenda kukimwaga, nikakaa nje kidogo kwenye ngazi.

Jumatatu, 12 Mei

Siki 5, tumeanza upya. Mapezi amesema sasa ndiyo wakati. Nitrati 15. Mama anasimama pembeni ninapovuta. "Leo ngapi?" "Tano, Mama." "Basi mimi kijiko nusu." Anaandika? Hapana, anashika kichwani. Mwandishi ni mimi.

Alhamisi, 15 Mei

Siki 5. Nimesoma 20, Mama amesoma 10. Tumebishana! "Unatazama kwenye taa," akaniambia. "Taa inadanganya. Njoo dirishani." Dirishani ilikuwa 10, kweli. Anasema miguu yake mibovu lakini rangi hakosei.

Jumatatu, 19 Mei

Siki 10. Nitrati 12. Manyunyu tu asubuhi.

Jumatano, 21 Mei

Siki 10. Sponji ameuliza mbona naondoka karakana mapema. Nimemwambia kuna mtu ananisubiri tupime maji. "Mwanamke?" "Mama mkwe." Ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Jumamosi, 24 Mei

Jua tangu Alhamisi. Mapezi amekuja, na ndoo.

Mama ndiye aliyemfungulia. Akaitazama ndoo, akasema, "Karibu. Umekuja nayo tupu, utaondoka nayo tupu."

"Mama, sijasema kitu!"

"Ndoo imesema."

Ameingia akicheka. Nimepima mbele yake, dirishani. Nitrati 8. Akakubali ameshindwa, maneno yalikuwa chini ya kumi na hiyo ni nane. Lakini akalikagua tumbawe kwa tochi, na uso wake ukabadilika, akanivuta pembeni ingawa sebule yetu haina pembeni.

"Fundi, nisikufiche. Matawi matatu hayo yako hai, ila yamechoka. Kwangu taa ni kali, litapona miezi mitatu. Hapa linaweza kuchukua mwaka. Linaweza pia lisipone. Si suala la ahadi sasa. Uamuzi ni wako."

Nilitaka kusema lichukue. Neno lilikuwa mdomoni. Nimechoka, na kuna siku natamani kuingia sebuleni nikute ukuta mtupu. Nikamgeukia Mama, na kwa mara ya kwanza sikumwuliza kwa kuzunguka. "Mama, unasemaje? Likiondoka, hutakuwa na kazi tena hapa. Lakini utakaa. Tangi liwepo, lisiwepo, utakaa. Hilo nataka ulijue kabla hujajibu."

Alikuwa anakunja kitambaa cha kufutia kioo. Alikikunja mara nne, mpaka kikawa kidogo kama sabuni.

"Kwako nani atalipima?" akamwuliza Mapezi.

"Mimi mwenyewe, Mama."

"Kila siku?"

"Kila wiki. Nina matangi arobaini."

"Likipona, atarudishiwa?"

"Siku hiyohiyo. Nitalileta kwa mikono yangu."

Akanitazama. "Mpe," akasema. "Sisi tulililea kwa woga. Likae na mtu asiyeliogopa."

Tumelitoa taratibu, Mapezi akishika jiwe, mimi nikishika ndoo. Mama alisimamia, "Taratibu, taratibu," mpaka Mapezi akamwomba amsaidie kwa kunyamaza. Lilipokuwa ndani ya ndoo lilionekana dogo sana. Nimelibeba mwenyewe mpaka kwenye gari lake.

Kumbe ndoo haikuondoka tupu. Mama amesema ni mara ya kwanza maishani mwake kukosea.

Jumapili, 25 Mei

Siki 5, nusu. Nitrati 8. Samaki watano wanakula vizuri. Mahali pa tumbawe pana mchanga mweupe tu.

Jumatatu, 26 Mei

Siki 5. Nitrati 7. Jua kali.

Jioni dereva mmoja ameleta sanduku la Mama. Shemeji amelituma bila barua, lakini amelifunga kwa kamba vizuri, mafundo mawili, na amelifunika nailoni lisipate vumbi. Nimelibeba mpaka chumbani kwake nikakuta kumbe chumba hicho hakina kabati. Tangu Novemba nguo zake zilikuwa kwenye mfuko, chini ya kitanda, na mimi sikuwahi kuingia kuona.

Nimefungua kabati letu. Upande wangu ni mashati matano. Upande wa pili umejaa. Nilisimama pale nikiwa nimeshika mlango.

Mama akaja nyuma yangu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akatandika kanga magotini.

"Anza na za kazini," akasema. "Hizo hakuzipenda."

Nikaanza kuzitoa moja moja, nikampa, naye akazipokea na kuzikunja. Koti la maabara lilikuwa na kalamu mfukoni. Aliichomoa akaijaribu kwenye kiganja chake, ikaandika, akanipa.

"Hanga za nguo zangu zitatosha?"

"Zitatosha, Mama."